Ubao wa Morogoro Stores: kisa cha Tingatinga na somo lake kwa Mkoa wa Dar es Salaam

Mwaka jana niliingia darasa la tano la shule moja ya msingi Mbagala, nikawauliza watoto Tingatinga ni nini. Mikono ikapanda mpaka nyuma kabisa. "Ni gari la kubomolea nyumba," akasema wa kwanza. Mwenzake akamsahihisha kwamba ni lile la kuchongea barabara. Wa tatu akasimama, akaiga mlio wake, darasa zima likacheka. Nikasubiri. Hakuna aliyetaja picha.

Watoto wale hawakukosea, maana kwa Kiswahili tingatinga ni mtambo. Lakini ni jina la mtu pia, Edward Saidi Tingatinga, na aina ya uchoraji inayoitwa kwa jina lake ilizaliwa katika mkoa huu huu wanaoishi. Picha hizo zimetundikwa kwenye kuta za watu Japani, Denmark na Uswisi. Mtoto wa Mbagala hazijui. Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali mawili ambayo yamekaa nami tangu siku ile. Uchoraji ulioanzishwa na mtu mmoja asiye na shule ya sanaa wala mfadhili uliwezaje kuishi zaidi ya miaka 50 katika jiji linalobomoa na kujenga kila mwaka? Na kama umeishi muda wote huo, mbona haujavuka kufika Mbagala?

Nauchambua mkasa huu kwa sababu kila mkoa wetu unapozungumzia sanaa, mara nyingi huishia kuzungumzia tamasha. Jukwaa linafungwa Mnazi Mmoja au Leaders, wasanii wanapanda, viongozi wanahutubia, watu wanafurahi kwelikweli. Kesho yake mafundi wanakunja maturubai na mtaa unarudi kama ulivyokuwa. Sina ugomvi na tamasha, nimecheza kwenye mengi. Ila kisa cha Tingatinga kinaonyesha kitu kingine kabisa kinachoufanya mtaa uwe na uhai siku ya Jumanne asubuhi, bila mgeni rasmi.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini. Alikuja Dar es Salaam kama walivyokuja vijana wengi wa kusini wa wakati wake, akafanya kazi hii na ile, zikiwemo za nyumbani kwa Mzungu. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Inasimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa mjini, akajiuliza kwa nini zake zisinunuliwe. Hakuwa na turubai la kuchorea wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi, ule ubao wa kupigia dari, akavikata mraba wa kama sentimita 60 kila upande, akapaka rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Akachora chui, ndege, tembo, mnyama mmoja mkubwa katikati ya ubao akiwa amekutolea macho. Mke wake, Agatha Mataka, alikuwa akiziuza picha hizo pale kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku akiwa ndani ya gari, wakidhani ni gari la wahalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Miaka minne ni michache mno. Tumezika wasanii wengi waliofanya kazi miaka 30 na sanaa yao ikazikwa nao wiki hiyo hiyo. Hii haikuzikwa. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa zake, waliendelea: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata. Wakakaa pale pale Morogoro Stores, wakachora kwa ubao ule ule na rangi ile ile, wakafundisha wadogo zao. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika rasmi. Kufikia leo wamepita vizazi kadhaa vya wachoraji, na ukishuka barabara ya Haile Selassie utawakuta.

Sasa tuangalie kwa nini pale, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa kwa rangi za watu. Uzunguni kulikuwa kwingine, Uhindini katikati ya mji, na Mwafrika akapangiwa Kariakoo na Ilala. Oysterbay ilikuwa Uzunguni, nyumba zenye bustani zinazotazama bahari. Lakini ubavuni mwake ilikuwepo Msasani, kijiji cha wavuvi cha siku nyingi, na mitaa kama Mikoroshini ambako wapishi, walinzi na watunza bustani wa Oysterbay walipanga vyumba. Morogoro Stores imekaa kwenye mshono wa pande hizo mbili. Baada ya Uhuru wakoloni waliondoka, wakaja mabalozi, wataalamu na wafadhili, mshono ukabaki ulipokuwa. Mchoraji alitoka chumbani Mikoroshini kwa miguu na ubao kichwani, bila nauli. Mnunuzi alikuja dukani kununua mkate na maziwa, akatoka na picha.

Ukiielewa jiografia hiyo utaelewa kwa nini mipango mingi ya "kuwatengea wasanii eneo" huwa haizai kitu. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara mkoa mzima na kupelekwa maeneo mapya. Malalamiko yaliyosikika zaidi yalikuwa kwamba wateja hawafiki huko. Meza ilikuwepo, choo kilikuwepo, mpita njia hakuwepo. Mchoraji naye anamhitaji mpita njia. Ukimhamishia kwenye jengo zuri pembezoni ambako watu hawapiti, umemfungia stoo.

Nilikwenda Morogoro Stores asubuhi ya siku ya kazi ili nione wanavyofanya. Harufu ya rangi inakupokea kabla hujaona picha yoyote. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, ubao umelazwa mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba dada, karibu. Angalia tu, kuangalia hatutozi."

Alikuwa anachora kanga, wale ndege wa madoa. Rangi ya chini ilikuwa imekauka tangu juzi, ya njano inayofifia kuelekea weupe, na nilijua hiyo siyo kazi yake kwa sababu kijana wa pembeni alikuwa na ubao mwingine akiipaka namna hiyo hiyo, brashi pana ikienda kulia na kushoto bila kuinuliwa. Miili ya kanga ilishachorwa nyeusi, mitatu, mmoja akigeuza shingo. Kilichobaki ni madoa. Mzee aligeuza brashi, akachovya ncha ya mpini kwenye kifuniko chenye rangi nyeupe, akagusa mgongo wa ndege. Doa. Akagusa tena. Doa. Kila mara tatu au nne alichovya upya, na doa la kwanza baada ya kuchovya lilikuwa kubwa, yanayofuata madogo, kwa hiyo alianzia kifuani ambako madoa ni makubwa, akaishia shingoni ambako ni kama chembe za chumvi. Nilihesabu mpaka nikapotea. Nikamuuliza alijifunza wapi hesabu ile ya kubwa na ndogo. "Hamna hesabu," akasema, "rangi yenyewe inakwambia imebaki kiasi gani."

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa makusudi. Ndani ya kitendo kile kidogo mna mfumo mzima wa mafunzo. Kijana anaanza kwa kupaka rangi ya chini, kazi ambayo akikosea haiharibu picha na inaweza kurudiwa. Akiimudu anapewa kujaza miili, halafu madoa na manyoya, na mwisho macho. Hakuna ada wala cheti. Anakula siku hiyo hiyo anayojifunza, kwa sababu kazi yake imo ndani ya picha itakayouzwa. Mtoto wa masikini hawezi kujifunza sanaa kwa miaka mitatu huku akiwa na njaa, hata mwalimu awe bora namna gani. Vifaa navyo vinapatikana duka la vifaa vya ujenzi kwenye kila kona ya Dar es Salaam. Mambo haya mawili, kujifunza huku unakula na kutumia kilichopo jirani, ndiyo yaliyofanya uchoraji huu upite kutoka mkono hadi mkono wakati mwanzilishi alishafariki.

Ushirika wa mwaka 1990 uliongeza jambo la tatu. Mchoraji mmoja mmoja ni mpita njia mbele ya serikali. Chama kina katiba, kina akaunti, kinaweza kupanga au kumiliki eneo, kinaweza kuandika barua na kujibiwa. Picha inabaki kuwa ya aliyeichora na jina lake analiandika pembeni, ila paa, duka na kibao cha barabarani ni vya wote. Nadhani bila ushirika ule pale leo pangekuwa na maegesho ya magari.

Nasema hivyo nikikumbuka Nyumba ya Sanaa. Ilianzishwa mwaka ule ule aliouawa Tingatinga, 1972, na Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, kwa ajili ya vijana wenye vipaji ambao hawakuwa na pa kufanyia kazi. Mwaka 1983 wakapata jengo lao katikati ya jiji. George Lilanga, ambaye michoro na vinyago vyake vya mashetani vilikuja kuzunguka dunia, alipitia pale. Wapo watu wa rika langu waliojifunza pale kutia rangi batiki, kuchonga, kutengeneza kadi. Leo ukipita eneo lile hukuti wasanii. Ardhi ya katikati ya jiji ilikuwa imepanda thamani kuliko kilichokuwa kikifanyika juu yake, na ikaondoka mikononi mwa wasanii. Mimi bado inaniuma. Nilitegemea kuwapeleka wanangu.

Kwa hiyo upande mmoja wa kisa hiki ni ushindi, na ushindi wenyewe una sababu zinazoeleweka: mahali pasipohamishwa, palipo kwenye njia ya wanunuzi, mafunzo yanayolisha, vifaa vya dukani, chama chenye sauti. Upande wa pili ni lile darasa la Mbagala.

Uhai wa Morogoro Stores unategemea mgeni. Tulipata somo hilo waziwazi wakati wa Korona. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakashuka mpaka kama 620,000. Mchoraji ambaye mteja wake ni mtalii aliamka asubuhi akakuta mteja hayupo, na jirani yake wa Msasani hakuwahi kuzoeshwa kununua. Utegemezi huo unaonekana hata kwenye kinachochorwa. Zipo picha za soko, za hospitali, za harusi na za mashetani, na kwa macho yangu ndizo tamu kuliko zote, maana zimejaa watu na vituko vyetu. Lakini kinachotundikwa mbele ni simba, twiga na Kilimanjaro, kwa sababu ndicho kinachotoka. Mkazi wa Tandika anayepita akiwaona wale simba anahisi duka lile si lake, na ana haki ya kuhisi hivyo.

Kuna na suala la kuigwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji dhidi ya mtu anayenakili picha yake. Haimlindi dhidi ya mtu anayechora kwa mtindo wake, na hivyo ndivyo sheria za namna hii zilivyo duniani kote. Matokeo yake picha za mtindo wa Tingatinga zinachorwa na kuuzwa Zanzibar, Arusha, Nairobi, popote pale alipo mtalii. Soko la mgeni halijui tofauti kati ya ubao wa Morogoro Stores na wa kwingine. Mwenyeji angeijua, kama angekuwa mteja.

Hapa naomba nilete upande wa pili wa jiji, maana bila kuulinganisha hatutaona vizuri. Huko Uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, Mwananyamala, Mtoni nilikokulia mimi, sanaa inayochangamsha watu ni ya ngoma. Kwanza mchiriku, ule uliotokana na ngoma za Wazaramo, vinanda vidogo vya Casio vikilia kwenye spika zilizochakaa, na vikundi kama Jagwa vikatoka Mwananyamala mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Halafu singeli, kasi juu ya kasi, iliyozaliwa kwenye shughuli za mtaani, harusi na vigodoro, zile ngoma za kukesha. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, dunia ikageuza shingo.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Nenda kwenye kigodoro uone msemo huo ukitendwa: mama anatoka nyuma ya nyumba na kanga kiunoni, anafika mbele ya mwimbaji, anambandika noti ya elfu moja kwenye paji la uso, anarudi akicheza. Hakuna anayeuliza sanaa inachangamsha jamii kwa namna gani. Lakini kesho yake ngoma ile haina pa kukaa. Imechezwa barabarani kwa kibali cha usiku mmoja, au bila kibali, na mara kwa mara viongozi hupiga marufuku vigodoro kwa sababu ya kelele, fujo na watoto kukesha. Sababu hizo si za uongo. Mimi mwenyewe nimeshalala na mto kichwani nikiomba wazime. Ila jibu la kupiga marufuku linaikuta sanaa haina nyumba, linaifukuza hata pale ilipokuwa imeegemea.

Tingatinga wana mahali, hawana watu wa kwao. Singeli ina watu wa kwao, haina mahali. Nimelizungusha suala hili kwa miezi, na kila nikiligeuza linaniambia kwamba kazi ya mkoa ni kuleta vitu hivyo viwili pamoja.

Na hapa lazima tuwe wakweli kuhusu nani ana nini. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, katika wilaya tano. Ofisi ya mkuu wa mkoa inasimamia na kuunganisha, lakini mapato ya ndani, mipango ya ardhi na sheria ndogo viko halmashauri: Jiji la Dar es Salaam kule Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Anayemwomba mkuu wa mkoa ajenge kituo cha sanaa anagonga mlango usio na fundi ndani. Anachoweza mkuu wa mkoa, na ni kikubwa, ni kuzikalisha halmashauri tano meza moja na kuzitaka kila moja itenge angalau eneo moja la sanaa lililopimwa, lenye hati, lililo kwenye njia ya watu, na likabidhiwe kwa chama cha wasanii wenyewe kwa mkataba mrefu. Stendi, soko, kituo cha mwendokasi: huko ndiko Morogoro Stores ya leo iliko. Mshono wa mwaka 1968 ulikuwa kati ya Oysterbay na Msasani. Wa sasa uko Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja jioni.

Kuhusu fedha kuna asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia hiyo ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kupangwa upya, kisha ikarudi. Niliwahi kuwasindikiza vijana wa kikundi cha ngoma na michoro kuomba. Walikuwa wamesajiliwa, wana katiba, wana kazi za kuonyesha. Afisa, kijana mpole aliyetusikiliza vizuri, akauliza eneo lao la biashara liko wapi akalikague. Wakatazamana. Wanafanyia mazoezi uwanja wa shule jioni, vyombo vinalala kwa shangazi wa mmoja wao. Maombi yakaishia pale. Mkopo upo kwa mwenye mahali, na asiye na mahali hana mkopo wa kumpatia mahali. Afisa hakuwa na kosa, alikuwa anafuata fomu. Fomu hiyo ndiyo ya kubadilishwa.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu kwa sababu nilikuwemo. Miaka kadhaa nyuma tulichora ukuta wa shule moja Temeke. Wachoraji wawili waliokuja kwa kujitolea walichora mistari ya nje, watoto wakajaza rangi kwa wiki nzima, kila mmoja na kipande chake. Samaki, daladala, mwalimu wa zamu akiwa na rula, mama lishe na sufuria. Wazazi walikuja kutazama, wengine hawakuwahi kukanyaga shule ile tangu siku ya kuandikisha mtoto. Wauza maembe wakahamia pale. Mwaka haukuisha, uongozi ukabadilika, ukuta ukapakwa rangi moja na kuandikwa tangazo la biashara. Hakukuwa na ubaya wa moyo. Hakukuwa tu na karatasi yoyote iliyosema ukuta ule ni wa watoto. Tuliomba ruhusa kwa mdomo, tukapewa kwa mdomo. Kosa hilo ni letu, na wachoraji wa Morogoro Stores hawakulifanya.

Watu wengine wameshaonyesha kwamba mahali panawezekana. Nafasi Art Space, Mikocheni, iko tangu mwaka 2008, imewapa wasanii vyumba vya kazi, baadhi vikiwa makontena, na inaalika watu kuja kuona. Wachongaji wa Mwenge wana soko lao la vinyago ambalo kila dereva wa bajaji analijua. Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kimekuwepo tangu 1967, na siku jamii moja inapopewa zamu ya kuonyesha ngoma, vyakula na nyumba zao, utaona babu analia akiona mjukuu aliyezaliwa Sinza akicheza ngoma ya kwao. Lakini hebu angalia ramani. Mikocheni, Mwenge, Kijitonyama, Oysterbay: zote upande mmoja wa jiji, zote Kinondoni. Ukivuka Mto Msimbazi kuelekea Temeke, nitajie moja.

Siku ile pale Morogoro Stores nilimweleza yule mzee wa kanga yale ya darasa la Mbagala, jinsi watoto walivyosema ni gari la kubomolea. Nilidhani atasikitika. Akacheka kidogo, akaendelea na madoa. Baadaye akaniuliza shule ile iko umbali gani na kituo cha daladala, kama ina mti wa kivuli, na kama watoto wanaruhusiwa kuchafuka. Nikamjibu. Akamwita yule kijana wa rangi ya chini, wakazungumza kwa sauti ya chini, kisha akaniambia wanaweza kuja siku ambayo biashara ni nyepesi, yeye na vijana wawili. Nauli tu na chakula. Hadibodi zinapatikana hata Mbagala, rangi pia, nisihangaike kubeba kutoka mjini.

"Ila wewe nenda na hii kwanza," akasema, akanipa ubao wa kanga watatu. Mmoja hakuwa na doa hata moja, mweusi mtupu. "Huyo wataweka wao. Waambie waanzie kifuani."

Madoa ya wale wawili yalikuwa bado mabichi. Nikaushika ubao kwa kingo, viganja vimefunguka, nikapanda daladala ya kwanza, kisha ya pili, saa ile ambayo gari linajaa mpaka mlangoni. Konda aliniangalia, akaangalia ubao, akawageukia abiria.

"Jamani wa nyuma sogeeni, hii picha haijakauka."

Wakasogea.